Kifua cha Jezi Namba Tisa

Ninyi wauguzi vijana mlioachiwa zahanati ya chuo mmenisumbua niandike. Haya basi, naandika. Habari za vyeo sitaandika; nilivyopewa na nilivyonyimwa vyote vimekwisha, na anayetaka kujua pensheni yangu ni kiasi gani aende akaulize kwa wanaoikata. Nitawaandikia juu ya kifua kimoja. Angalau nilidhani ni kimoja. Kilinishtua mpaka leo nikikikumbuka najikuta nimesimama jikoni, mwiko mkononi, sufuria inaungua.

Siku niliyoripoti, zahanati ilikuwa chumba walichokuwa wakiwekea makopo ya rangi. Chuo chetu, mnakijua, ni cha ufundi, nje kidogo ya Kitale kwenye barabara ya Endebess, na katika chuo cha ufundi ugonjwa mkubwa ni uzembe. Huyu amechomea chuma bila miwani, yule amepiga randa kidole chake pamoja na mbao. Aliyenipokea ni Sista Priska, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alinifundisha kuipasha stethoskopu joto kiganjani kabla ya kuiweka kifuani, kwa sababu mtu akishtuliwa na chuma baridi, unachosikia ni mshtuko wake. Halafu alinifundisha kunyamaza. "Nekesa," aliniambia, "wewe unaongea sana. Moyo hauwezi kukukatiza." Nilinuna siku nzima, kisha nikaanza kunyamaza, na tangu hapo nikaanza kusikia.

Mpira sikuupenda. Prinsipali ndiye aliyeamuru kwamba timu haitoki bila muuguzi, baada ya kipa wetu kuvunjika mkono huko Lwakhakha akafungwa kwa tai ya mwalimu. Basi nikawa naketi kwenye benchi na sanduku langu, chupa ya maji, sponji, na barafu niliyoiombaomba kwa wauza samaki wa mjini. Shauri moja hapa: barafu ifungeni kwa taulo. Nimeona mguu ulioteguka ukapona, na ngozi iliyounguzwa na barafu ikabaki na alama.

Kocha alikuwa Mwalimu Barasa, fundi wa uashi, mzee wa kanisa, mtu wa Bungoma kama mimi. Ulimi wake haukuwahi kupatana na herufi fulani. "Mpila ni akiri, Sista," alikuwa akiniambia kila tukifungwa, na tulifungwa sana. Vyuo vyote vya upande wetu vilitujua. Tukifika kucheza kwao walitupokea kwa chai na mandazi, kwa furaha kabisa, kwa sababu walijua pointi zimefika.

Mwaka ninaosimulia ulikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati simu za mkononi zilikuwa bado zina tochi na hazina akili. Muhula huo akaja kijana wa kujifunza ufundi wa mabomba, mrefu, mkimya, miguu kama ya ndama. Alitoka upande wa Lwakhakha. Aliitwa Mukhwana. Barasa alimpa jezi namba tisa kwa sababu ndiyo iliyokuwa haina mwenyewe, na mechi ya kwanza akafunga bao ambalo hata refa alilipigia makofi kidogo kabla ya kujikumbuka.

Kwa asiyejua: kwetu mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kutoka ni Mukhwana, anayefuata ni Mulongo, na mtoto anayezaliwa nyuma yao ni Khisa. Kuna wanaobeba jina la baba au la babu, ni kweli, kwa hiyo Barasa alimuuliza kijana kama ni jina la baba. Akajibu kwamba hapana, ni lake mwenyewe. Barasa akanyamaza hapo hapo. Mukhwana mwenyewe yupo, basi kuna Mulongo mahali. Na kama Mukhwana anakaa wiki baada ya wiki, hamtaji, hapigiwi simu naye, hatembelewi naye, basi sisi tuliozaliwa huku tunajua la kujua. Aliyebaki haulizwi habari za aliyekwenda. Hatufundishwi hilo popote. Tumekua tukiwaona wakubwa wakinyamaza, nasi tunanyamaza.

Kwa hiyo chuo kizima kilimwonea huruma kimyakimya. Mpishi alimwongezea maharagwe. Barasa hakumfokea hata alipokosa penalti, na Barasa huyo alikuwa anafokea mpaka miti ya goli. Mimi mwenyewe nikimwona amekaa peke yake chini ya ukuta wa karakana nilikuwa najisemea, maskini, anamkumbuka mwenzake.

Tulianza kushinda. Watu ambao hawakujua chuo kina timu wakaanza kujadili ofsaidi. Lakini mimi kazi yangu ilikuwa kutazama watu, mpira walikuwepo wa kuutazama, na nikaona kwamba namba tisa akishakimbia mbio ndefu anainama, mikono magotini, muda mrefu kuliko wenzake. Midomo ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Nikampelekea maji, nikaona mshipa wa shingo unavyoruka.

"Una nini?"

"Ni homa tu, Sista. Niko sawa."

"Kesho asubuhi uje zahanati."

"Si nimesema niko sawa, Sista?"

"Na mimi nimesema uje."

Alikuja. Nikapasha chombo kiganjani, nikaweka, nikanyamaza. Moyo wenye afya hugonga mara mbili, safi, halafu unapumzika. Huu ulikuwa ukigonga halafu unavuma, kama maji yanayolazimishwa kupita kwenye bomba lenye ufa. Nilirudia upande wa mgongo, nikarudia chini ya kwapa. Mvumo ulikuwepo kote. Nikamuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo, kisha magoti yakavimba. Akasema ndiyo, alilala nyumbani akashindwa kutembea, bibi yake akawa anamkanda kwa majani. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, vijana, na msiwe mnalidharau koo la mtoto. Huja kwa koo, ikaumiza magoti, ikahamia moyoni na kukaa.

Swali linalofuata mnalijua: nyumbani kuna mwingine aliyeumwa hivyo, ndugu yeyote? Nilianza. "Kwenu mko..." Akatazama sakafu. Nami nikaona Mulongo kaburini, nikageuza maneno. Nikamwambia avae shati.

Daktari wa hospitali ya Kitale alisikiliza, akathibitisha, akamwandikia aende kwa daktari wa moyo Eldoret. Mpira marufuku. Akimbie tena kwa nguvu, alisema, anaweza kuanguka asiamke. Nilimpelekea Barasa habari hizo karakana ya uashi. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, suruali yake ya kanisani ikawa nyeupe.

"Mama yake ana huyu tu," alisema. Wote wawili tuliamini hivyo. "Basi mpila kwake umekwisha. Nisimuone na njumu."

Jumamosi iliyofuata timu ilikuwa na mechi Endebess. Nilichelewa, kwa sababu mwanafunzi mmoja alichomea geti bila miwani akaja kwangu macho yanamwaga machozi, na ilibidi nimfunge macho kwanza. Nikapata lifti ya pikapu ya mahindi. Nilipokaribia uwanja nikasikia kelele, nikachungulia kati ya magunia. Namba tisa alikuwa anakimbia.

Sikuwahi kushikwa na hasira na hofu pamoja kama siku ile. Nilishuka kabla pikapu haijasimama vizuri, nikaingia uwanjani mpira ukiendelea, na koti langu jeupe, na sanduku. Refa akapuliza. Mchezaji mmoja wa Endebess akaniuliza, "Mathee, unaenda wapi?" Sikumjibu. Nilimshika namba tisa bega.

"Lala chini."

Akalala. Nikapandisha jezi, nikaweka stethoskopu, sikukumbuka hata kuipasha. Wachezaji wakatuzunguka wote. Nikasikiliza.

Moyo uligonga mara mbili, safi, ukapumzika. Ukagonga tena mara mbili, safi. Ulikuwa unakwenda kwa kasi kwa sababu ya mbio, lakini mvumo haukuwepo. Nikahamisha chombo kwapani. Haukuwepo. Nikakitoa, nikajisikiliza mwenyewe, nikaona kinafanya kazi. Barasa alikuwa amefika anahema. Nikamsikiliza naye juu ya shati. Wake ulikuwa mbaya kuliko wa kijana.

"Sista, amesema wewe umemluhusu," Barasa alisema. "Ameniambia mwenyewe asubuhi. Ati umesema amepona."

"Mama," alisema kijana pale chini, "hiyo chuma iko baridi."

Mama. Mukhwana alikuwa hajawahi kuniita mama, siku zote nilikuwa Sista. Na huyu, njumu moja ilikuwa imemvuka, kisigino kilichopasuka kikichungulia kwenye soksi iliyotoboka, kisigino cha mtu asiyezoea viatu.

"Wewe ni nani?" nilimnong'oneza.

Alitazama kushoto na kulia. "Mulongo."

Nilikaa kwenye nyasi. Maneno yalinitoka bila adabu yoyote. "Lakini wewe umekufa."

"Mimi?" alisema, ameshtuka kuliko mimi. "Nani amesema?"

Na hilo ndilo swali. Hakuna aliyesema. Si Mukhwana, si mama yake, si mtu. Chuo kizima kilimzika kijana mzima kwa heshima, bila kuuliza. Mtu wa kutoka mbali angeuliza siku ya kwanza, "Na pacha wako yuko wapi?" na angejibiwa. Sisi wenyeji, wenye adabu zetu, tulikuwa tunamwongezea marehemu maharagwe. Barasa alivua kofia akasema polepole, "Mimi nimemuombea huyu kanisani. Nimemuombea apumzike kwa amani."

Barasa hakuwa mtu wa ujanja. Alimtoa Mulongo uwanjani wakati ule ule, akaenda kwa refa akasema mwenyewe kwamba amechezesha mtu ambaye si mwanafunzi. Tukanyang'anywa mechi. Vijana walinuna njia nzima, lakini zile tulizoshinda mwanzo zilitosha kutufikisha fainali Bungoma. Jumatatu niliwaita mapacha wote wawili zahanati. Walikaa kwenye benchi moja, na mimi, nimesomea kazi hii, niliwatazama nisijue yupi ni yupi mpaka nilipoweka chombo.

"Sista, usimkasirikie," alisema mwenye mvumo. "Mimi ndio nilimwambia avae jezi. Yeye ndiye alinifundisha mpira. Tulipomaliza shule ya msingi nafasi ya kuendelea ilikuwa ya mmoja, akasema niende mimi, yeye akaenda Chwele kufukuza ng'ombe wa wafanyabiashara sokoni. Sasa mimi nimekatazwa, nikaona heri acheze yeye, hata kwa jina langu."

"Na mbona hujawahi kumtaja?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Hakuna mtu aliniuliza."

Mwaka huo sijui nilisema "Yesu wangu" mara ngapi. Barasa aliwaruhusu wote wawili waje Bungoma kutazama fainali, mradi wakae kando yangu na wasiguse kitu. Jina la Mukhwana lilibaki kwenye orodha ya timu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulitoa. Jezi tisa alipewa kijana mwingine, mnene kidogo, mwenye bidii.

Uwanja wa Bungoma ulijaa. Walikuja na ngoma, wakaja na vuvuzela za mabati, na nusu yao walikuwa jamaa zangu wakishangilia upande wa pili. Tulikuwa tumefungwa moja. Kipindi cha pili kimeendelea sana, yule kijana wa namba tisa akakanyagwa kifundo. Tukamvuta nje, nikapiga magoti nikiupa mgongo uwanja, nikawa namfunga barafu, kwa taulo. Jezi ilikuwa imeloa matope, nikamvua nikaitupa kando.

Nilipoinua kichwa, kulikuwa na namba tisa uwanjani, mtu mwenye mbio.

Barasa naye alimwona. Alikuwa upande wa pili akibishana na mshika kibendera. Akaja mbio kwenye mstari, uso umeiva kwa aibu, akidhani anaibiwa tena mbele ya Bungoma nzima.

"Mulongo!" aliita. "Mulongo, toka! Unatuhalibia! Mulongo!"

Kijana hakugeuka. Na kando yangu, kwenye benchi, sauti ikajibu:

"Niko hapa, Mwalimu."

Barasa aligeuka, akatazama benchi. Mulongo alikuwa ameketi palepale, njugu mkononi, na alikuwa anatazama uwanjani kama sisi, na nikaona amefahamu kabla yetu. Njugu zilimwagika. Aliondoka pale kwa namna ambayo sijawahi kumwona mtu anaondoka, miguu mitupu, akaingia uwanjani moja kwa moja.

Mukhwana alikuwa amewapita mabeki wote. Mbele yake kulikuwa na kipa aliyeanguka na goli tupu. Alikuwa amekwisha inua mguu. Mulongo akamkumbatia kwa nyuma, akamwinua juu kama gunia, na mpira ukaendelea peke yake polepole, ukatoka pembeni ya mti wa goli.

Ngoma zilinyamaza. Watu waliona sura moja imembeba sura hiyo hiyo. Refa alisimama, filimbi mdomoni, haipigi. Aliwatazama, akatazama orodha, akawatazama tena. Mwishowe akatoa kadi nyekundu akampa Mukhwana, ambaye hakuwa amemkosea mtu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na jezi. Mimi ndiye niliyekuwa peke yangu katika uwanja mzima nikipiga makofi.

Tulifungwa fainali. Mukhwana nilimlaza nyuma ya benchi, moyo wake ukivuma hivi kwamba niliuhisi kwa kiganja tu. Alikuwa analia kwa hasira. "Lilikuwa bao," alimwambia ndugu yake. "Lilikuwa bao, bana. Nilikuwa nakufungia wewe." Mulongo alikuwa anamshika mguu, kisigino, kana kwamba kijana yule angeweza kuinuka akarudi uwanjani. Walikaa muda mrefu bila kusemezana, Barasa ndiye aliyewapatanisha.

Mukhwana alipasuliwa Nairobi, akawekewa vali ya chuma moyoni. Aliporudi nikamsikiliza, na sikuhitaji chombo; ukikaa naye chumba kimoja bila kelele unamsikia, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Wenzake walimwita Saa Ngapi. Alimaliza masomo yake ya mabomba, akaenda kutafuta maisha, ndugu yake akafuatana naye, nikawapoteza. Miaka ikapita. Halafu mtu wa Lwakhakha akaniambia sokoni kwamba amesikia mmoja wa wale mapacha wa mpira amefariki. Yupi? Hajui. Hakuuliza. Nami, kwa jinsi tulivyolelewa, sikuuliza zaidi.

Mwezi uliopita mliniandalia sherehe ya kuniaga pale bwalo la chuo, mnakumbuka, mlikuwepo. Barasa alikuwepo na fimbo yake. Wakati wa kugawa soda mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mrefu mwenye suti, mvi kidogo juu ya masikio, akanijia moja kwa moja mikono wazi. Nilimjua kabla hajafika. Nilimkumbatia, nikaweka sikio kwenye kifua chake, nikanyamaza kama Sista Priska alivyonifunza.

Moyo uligonga mara mbili, safi, ukapumzika. Hakukuwa na tik.

Nilibaki pale na sikio langu kifuani mwake kwa sababu sikutaka kuinua uso. Alikuwa Mulongo, na alikuwa peke yake. Wote waliozaliwa huku walikuwa wanatazama chupa zao za soda. Nilimwona Barasa anavua kofia. Ulimi wangu nao ulikuwa unataka kufanya adabu, useme karibu mwanangu, keti, habari za safari.

Nikauma meno. Nikamuuliza mbele ya watu wote.

"Mukhwana yuko wapi?"

Alicheka. Alicheka kwa sauti ya ndugu yake.

"Yuko huko nje kwa geti, mama, anagombana na soja. Amekatazwa kuingia. Anaambiwa ameshaingia."